Mdogo wangu kaenda kujifungua wakakuta uvimbe kwenye ovari, una nywele na jino. Kopo bado liko nyumbani, naomba ushauri

Mwana Kihonda, Morogoro

Habari zenu wapendwa, naomba mnisomee mpaka mwisho maana hapa nilipo kichwa hakijatulia kabisa. Mdogo wangu ninayefuatana nae, ana miaka 27, Jumamosi alifanyiwa oparesheni ya kujifungua mtoto wa pili kwa sababu mtoto alilala mkingamo. Mtoto katoka salama, kilo 3.2, analia vizuri tu, tunamshukuru Mungu. Sasa shemeji kasimama pale nje ya thieta na beseni la nguo za mtoto, akatoka nesi akamwambia daktari anakuita mlangoni. Daktari akamwambia tumekuta uvimbe kwenye ovari ya kulia, mkubwa kama embe dodo, hatuwezi kuuacha maana unaweza kujisokota, mke wako tumemweleza kakubali, na wewe weka saini hapa. Akasaini, angefanya nini, mke wake tumbo liko wazi.

Mdogo wangu mwenyewe alikuwa macho, si unajua sindano ya mgongo, anasikia kila kitu. Ananiambia dada, nilimsikia daktari anawaambia wenzake njooni muone hii, halafu wote wakanyamaza. Hicho kimya ndo kinamtesa mpaka leo kuliko kidonda.

Baadae wakamwonesha shemeji kwenye sahani ya chuma, na bahati mbaya mama mkwe alikuwa nyuma yake. Ndani kuna mafuta ya njano kama samli iliyoganda, nywele nyingi ndefu zimesokotana, na kitu cheupe kigumu, jino kabisa, sio kama jino. Mama mkwe akashika kichwa. Tangu siku hiyo nyumbani hakuna amani, anasema huyo ni pacha wa mtoto kaliwa tumboni, au mdogo wangu katupiwa kitu, na kwamba kile kitu kizikwe haraka nyuma ya nyumba kwenye migomba.

Maana hospitali walitupa wenyewe. Nesi alimkabidhi shemeji kopo la plastiki lina dawa inayochoma macho, na fomu, akaambiwa apeleke Dar wakapime, hapa hawapimi. Leo siku ya nne kopo liko chini ya meza jikoni, limefungwa na mfuko mweusi. Shemeji yuko katikati ya mama yake na mke wake, pesa nayo imekatika. Daktari alipita wodini siku ya pili akasema msiwe na wasiwasi tusubiri majibu, basi, ndo maelezo yote hayo. Karatasi ya ruhusa ina mistari miwili na mwandiko wenyewe siuelewi.

Naomba mwenye kujua anisaidie. Je hii ni kansa? Mbona alipiga ultrasaundi mara mbili kwenye mimba na hawakuona? Atazaa tena? Hizo nywele na jino zimefikaje humo? Na tukilizika hilo kopo tunapoteza nini?

---

Binti Pongwe

Pole sana dada, na mpe pole mdogo wako, mwambie kuna mtu Tanga huku anamuelewa. Mimi yalinikuta nikiwa na miaka 22. Nilishikwa na tumbo usiku upande wa kulia chini, natapika hadi nyongo, asubuhi wakasema kidole tumbo huyo, nikaingizwa thieta. Kufungua kidole tumbo kizima, kumbe ovari imejisokota kama nguo inavyokamuliwa, imeshakuwa nyeusi, ndani yake uvimbe wa nywele na mafuta kama huo wenu. Nilivyozinduka nikaambiwa tumetoa na ovari moja. Nililia nikijua ndo basi sizai tena.

Leo nina watoto wawili na ovari moja. Hedhi naona kila mwezi kama kawaida, ile iliyobaki inafanya kazi ya zote mbili. Majibu yangu yalitoka dermoidi, ndo jina la huo uvimbe wa nywele na mafuta, hakuna saratani. Lakini dada nisikilize, nililala vizuri siku nilipoyashika yale majibu mkononi, sio siku daktari aliponiambia usijali. Hilo kopo lisizikwe.

---

Fundi Slaidi

Dada Mwana Kihonda mimi nafanya kazi maabara ya patholojia, ndo sisi tunaopokea hayo makopo, ngoja nikueleze taratibu maana hiki kitu kinaniuma sana. Tunaona wagonjwa wanakuja mwaka wa pili au wa tatu na tumbo limejaa, ukiuliza oparesheni ya kwanza ilikuwa ya nini anasema walitoa uvimbe, majibu yako wapi, hakuna, kopo lilibaki nyumbani au lilitupwa.

Kwanza jambo la leo leo. Hiyo dawa inaitwa formalini, inazuia nyama isioze, kwahiyo siku nne sio tatizo, hamjachelewa. Msilifungue, msiongeze maji, msiliweke kwenye friza. Litoeni jikoni, ile hewa yake sio nzuri kwa watu na haswa kuna kichanga humo ndani. Angalieni kwa nje kama nyama yote imezama, ikiwa imechungulia nje ya dawa rudini hospitali waongeze, maana formalini inatakiwa iwe nyingi, inafaa iizidi nyama kama mara 10, na inapenya taratibu kama milimita 1 kwa saa. Halafu muangalie jina. Jina la mgonjwa, tarehe na upande wa ovari viwe vimeandikwa kwenye kopo lenyewe, sio kwenye mfuniko peke yake, maana mfuniko ukifunguliwa mezani unaweza kwenda kukaa kwenye kopo la mtu mwingine. Na jina la kwenye kopo na la kwenye fomu yafanane herufi kwa herufi.

Sasa kwanini lazima lije. Daktari wa upasuaji anaona kwa macho, na kwa macho uvimbe wenye nywele na mafuta kwa msichana wa miaka 27 karibu kila mara ni dermoidi, jina lake lingine teratoma iliyokomaa, na sio saratani. Ndio maana kakwambia msiwe na wasiwasi, hajadanganya. Lakini kuna teratoma changa, ambayo hiyo ni saratani na inawapata hasa mabinti na wanawake wadogo, na kuna mara chache dermoidi yenyewe inageuka saratani ukutani, hiyo haifiki 2 kati ya 100 na mara nyingi ni kwa mama mtu mzima. Vyote hivyo vinaweza kuwa na nywele. Jicho halitenganishi, darubini ndo inatenganisha.

Likifika kwetu tunalipima kwa rula, tunalikata vipande, na sehemu tunayoikata zaidi ni kile kifundo kigumu ukutani ambako nywele na meno vinaota, humo ndimo mambo hujificha. Jino tunalilainisha kwanza na asidi ndio likatike. Vipande vinalala kwenye mashine usiku kucha, vinagandishwa kwenye nta, tunakata utando mwembamba kama maikroni 4 tunaulaza kwenye kioo, tunapaka rangi ya waridi na zambarau, ndipo daktari wa patholojia anakaa nao. Hapo anatafuta kama kuna seli changa, haswa zile za ubongo ambazo hazijakomaa. Ndio, na chembe za ubongo hukutwa humo, usiogope ukisoma.

Ukizika kopo unazika jibu. Hata kama miaka kumi baadae mdogo wako akipata uvimbe upande wa pili, daktari atauliza ule wa kwanza ulikuwa nini, na hakuna mashine itakayomrudisha kwenye hiyo nyama.

---

Mzee Turiani

Mwanangu mimi sipingi hospitali, nimetibiwa huko presha. Ila jino kwenye tumbo la mtu, tuseme ukweli, wazee wetu walikuwa na maana yao. Kuna mzee huku anatoa mizizi, wengi wamepona. Mzike hicho kitu kwa heshima halafu mumpeleke akasafishwe, hospitali iendelee na yao.

---

Nesi Mstaafu

Shikamoo mzee wangu. Nimekaa wodi ya wazazi miaka 31 na nimeyaona hayo meno kwa macho yangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, naomba niseme kwa adabu.

Mwanamke anazaliwa na mayai yake yote ndani ya ovari. Yai ni seli yenye uwezo wa kutengeneza kila kitu cha mtu, ngozi, nywele, meno, mfupa. Sasa mara nyingine seli moja inaanza kazi yenyewe bila mbegu ya mwanaume, bila mimba, inatengeneza vipande vipande bila mpango. Ngozi ikishatokea humo inafanya kazi ya ngozi, inaotesha nywele na kutoa mafuta, na mafuta hayana pa kutokea ndo yanajaa kama samli. Sio pacha, hakuna mtoto aliyekufa humo. Mabinti wa miaka 12 ambao hawajamjua mwanaume wanakutwa nao, na masista wa kanisa pia. Na unakua polepole sana, milimita chache kwa mwaka, kwahiyo ulio kama embe dodo umekaa humo miaka, kabla hata huyo binti hajaolewa kwenye hiyo nyumba. Mama mkwe aambiwe hilo, kwa upole, ukae nae chini. Bibi anayeona jino kwenye sahani lazima ashtuke, sio mtu mbaya.

Kuhusu ultrasaundi, muulize ilipigwa mimba ikiwa na miezi mingapi. Ikipigwa mwezi wa saba wa nane, mji wa mimba umejaa tumbo zima na ovari zimesukumwa juu na nyuma, na mpigaji anatafuta mapigo ya moyo na kondo la nyuma liko wapi. Ukitaka kuona ovari vizuri ni miezi mitatu ya mwanzo. Sio kwamba walizembea.

Na kuutoa huo uvimbe pale pale walifanya sawa. Baada ya kujifungua mji unarudi ndani kwa haraka, ovari yenye mzigo inabaki inaning'inia, hapo ndo inajisokota kama ilivyompata Binti Pongwe. Ila niseme pia kwa faida ya wengine, sio kila uvimbe unaokutwa siku ya kujifungua unatolewa. Kuna ule unaosababishwa na homoni za mimba, unaitwa luteoma, unakuwa mgumu wa kahawia, mara nyingine pande zote mbili, na ukiachwa unanywea wenyewe baada ya wiki kadhaa. Daktari mzoefu anaacha, kuna mtu alitolewa ovari zote mbili kwa haraka hiyo na ni jambo la kusikitisha sana.

Maziwa hayatakatika, aendelee kunyonyesha. Na mizizi, mzee wangu, mtu ana kidonda cha siku nne na ananyonyesha, asinywe kitu.

---

Mwana Kihonda, Morogoro

Jamani nimewasomea wote nyumbani kwa sauti, shemeji alikuwa amekaa mlangoni na mama mkwe anajifanya anapepeta mchele lakini nimeona ungo umesimama. Alichouliza ni kimoja tu, kwahiyo hata mimi ningeweza kuwa nao? Nikamwambia ndio mama, hata wewe. Hakujibu.

Swali lingine, jirani yetu anasema kuna kipimo cha damu cha kansa ya ovari, CA-125, kwamba tukilipia hicho kesho tutajua bila kusubiri kopo. Tufanye?

---

Nesi Mstaafu

Hapana mwanangu, hiyo hela iwe ya nauli. CA-125 inapanda kwa mambo mengi, mimba, kujifungua, oparesheni yenyewe, uvimbe wa kizazi, hata hedhi. Mzazi wa siku nne itakuja juu na mtalia bure. Vile vingine vinavyopimwa kwa wasichana, AFP na ile homoni ya mimba, navyo mimba inavipandisha. Majibu ya nyama yakitoka na shida ndo daktari ataagiza damu, na atajua anatafuta nini.

---

Bi Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Nataka kuongeza jambo kuhusu haya ya kuangalia kwa macho, manake kwetu yalitupata upande wa pili. Dadangu alikuwa na miaka 34, tumbo limefura maji, amekonda, CA-125 iko juu sana. Akapasuliwa, na daktari alivyofungua akaona vijipunje vyeupe kama mtama vimetapakaa kila mahali, kwa ovari, kwa utumbo, kila pahali. Akachukua kipande kidogo akamfunga. Akatoka akatuambia kwa sauti ya chini, nadhani ni saratani na imeenea, jitayarisheni. Mamangu alianza kupiga simu kwa jamaa wa Lamu waje wamuage. Wiki tatu tulikuwa tunaishi na maiti aliye hai, Mungu anisamehe kusema hivyo.

Ripoti ya nyama ikarudi kifua kikuu. Cha tumboni. Akameza dawa miezi sita na leo anauza viazi karai hapo barabarani, amenona. Kama kile kipande kingetupwa tungemzika mtu ambaye ana ugonjwa wa kutibika. Kwa hivyo shemeji yako apande gari.

---

Fundi Slaidi

Bi Kisauni ahsante sana kwa hilo, kwa ukanda wetu kifua kikuu cha tumbo kinafanana na saratani ya ovari kiasi kwamba hata daktari bingwa anakosea akiwa amesimama juu yake. Na kichocho pia, tunakuta mayai ya kichocho ndani ya ovari kwa watu wanaotoka maeneo ya ziwa.

Dada, maabara zenye madaktari wa patholojia zipo Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza na kwingine, nyie wa Moro Dar ndo karibu. Shemeji akifika aombe risiti yenye namba ya sampuli, ile namba ndo roho ya hiyo safari, aipige picha kwenye simu. Aache namba mbili za simu. Aulize bei mapema na kama bima inalipa. Na majibu yakitoka aombe nakala, asikubali kuambiwa kwa mdomo tu. Kama mama anataka mabaki yazikwe, aulize pale pale siku ya kukabidhi, aseme wazi, ni haki yake kuuliza, isionekane aibu.

---

Mwana Kihonda, Morogoro

Shemeji kapanda basi la saa 11 alfajiri Msamvu, kopo kaliweka ndani ya ndoo ya lita 5 yenye mfuniko, kaizungushia kitenge, kaishikilia kati ya miguu mpaka Mbezi. Kalikabidhi. Namba ya sampuli ninayo kwenye simu yangu, ya mdogo wangu, na mama mkwe kasema aandikiwe na yeye kwenye daftari lake la kikoba.

Walikuta jina limekosewa herufi moja kwenye fomu, wakarekebisha. Fundi Slaidi Mungu akubariki.

---

Mwana Kihonda, Morogoro (baada ya wiki tano)

Naombeni radhi kwa kimya, majibu yalichelewa na sikutaka kuandika nikiwa na hofu. Yametoka. Nanukuu kwa Kiswahili kama daktari alivyotusomea: ovari ya kulia, uvimbe wa sentimita 9, teratoma iliyokomaa, kuna ngozi, nywele, mafuta, jino, na tishu za ubongo zilizokomaa, hakuna seli changa, hakuna saratani. Nilivyosikia ubongo nilitaka kuanguka lakini nikakumbuka niliambiwa humu.

Safari hii daktari alikaa nasi kama nusu saa. Mdogo wangu akamuuliza, siku ile mbona mlinyamaza wote? Daktari akasema walikuwa wanaihamisha ile kitu polepole isipasuke, maana ile samli ikimwagika tumboni inawasha vibaya sana, mtu hapumui mpaka iwe kwenye sahani. Mdogo wangu alilia pale pale, akasema kumbe ndo hivyo tu. Wiki tano alikuwa anajua walinyamaza kwa sababu waliona anakufa.

Kasema ovari ya kushoto waliiangalia siku ile wakaona safi, lakini kwa kuwa wanawake kama 10 kati ya 100 wenye uvimbe huu wanakuwa nao pande zote mbili, apige ultrasaundi akifikisha miezi mitatu tangu ajifungue, halafu kila mwaka kwa muda. Na akipata tumbo la ghafla upande mmoja la kutapika asisubiri asubuhi.

Mama mkwe aliomba asomewe karatasi mara mbili. Mabaki hatukuchukua, alisema mwenyewe basi waachieni. Nakala tumetoa tatu, moja iko kwa mdogo wangu, moja kwangu, na ya tatu yeye kaiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, anasema huyo mtoto ni wa kike na siku moja mtu atamuuliza mama yako alitolewa nini.